Kuhusu kulala njiani Tabora–Ujiji

Wakuu habari za jioni, naona wengi mnauliza bembea za kulalia tutafunga wapi. Miti ipo kibao, miombo na ile miembe ya zamani ya njia ya misafara, ila tafuta miwili mizima iliyoachana kama mita 4 au 5 na uangalie juu kabla hujafunga maana tawi kavu likidondoka usiku ni hatari, na jamani mti wenye mzinga wa nyuki achana nao kabisa, huku kwetu watu wanaishi kwa asali! Beba mkanda mpana wa kufungia bembea mtini, kamba nyembamba inakata gome. Kila kijiji tunaanzia kwa mwenyekiti kuomba ruhusa, hilo halina mjadala. Neti na turubai kila mtu yake.