Goti la Mama

New Jersey, Jumapili

Shoga yangu mpenzi,

Mpe mama pole yangu nyingi. Uliniuliza kama kweli kuna goti la bandia linalojipima, na kama mama alingoje. Lipo. Bibi ninayemlea hapa analo, mimi ndiye nimkandaye kwa barafu.

Kwa nje huoni ila kovu. Vihisi, yaani vipimo vidogo vya elektroniki, vimo ndani ya kijiti kilichozamishwa kwenye mfupa wa muundi, na betri yake, iliyokusudiwa kudumu miaka 10 au zaidi. Mchana kinahesabu hatua, mwendo na urefu wa hatua. Usiku, bibi akilala, kisanduku kilicho karibu na kitanda kinavuta hesabu zote na kuzituma kwa intaneti. Linaitwa Persona IQ. Marekani ililiruhusu Agosti 2021.

Mwezi uliopita theluji ilitufungia ndani siku tatu. Hatua zikashuka, nesi akapiga simu: bibi ameumia? Bibi akanipokonya simu, "Theluji, mwanangu, theluji!" Basi hata kwa mitambo yote hiyo, ilibidi aulizwe mwenye goti. Na walioliruhusu walisema wazi kuwa hesabu zake zisiwe ndizo za kuamulia matibabu.

Tena halipimi uzito linaobeba. Uzito huo ulipimwa California mwaka 2004 kwa goti la majaribio, ikaonekana kwamba ukitembea tu, goti hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wako. Kwa hiyo shoga, mkongojo ule mama anaouficha nyuma ya mlango, mtolee. Utampunguzia maumivu leo hii.

Asingoje. Goti la kawaida, likiwekwa na mpasuaji mzoefu, litamfaa. Kabla ya tarehe kupangwa, mwulizeni daktari mambo yanayomhusu mama hasa: ataweza kukaa kwenye mbuzi akune nazi? Atasujudu, au atasali juu ya kiti? Kihisi cha bibi hakina habari na hayo, na mama ndiyo yanayomliza.

Akishapasuliwa, hesabu wewe. Leo kitandani hadi mlangoni, kesho hadi uani. Andika kwenye kalenda ya ukutani, na siku akikataa kutembea andika kwa nini. Usimwonee huruma kwenye mazoezi ya kukunja, hata akikulaani.

Mchango wangu nimeshauweka kando. Nipe tarehe tu.

Wako akupendaye,
Shoga yako