Viza ya mwenza Uingereza: chungeni hati za mshahara

Mhariri,

Ndoa halali pekee haimfikishi mke au mume Uingereza. Tangu Aprili 11, 2024, mwenza aliyeko huko lazima aoneshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, kiwango kikali mno kwa walezi wa wazee na wafanya usafi. Mwenye mshahara wa mwezi, aliyekaa miezi sita kwa mwajiri mmoja, hapimwi kwa wastani. Hupimwa kwa mshahara wa chini kabisa wa kipindi hicho. Kila hati ya mshahara ioane na taarifa ya benki. Tofauti inaweza kuangusha ombi. Akiba pekee ikitumika, ni pauni 88,500 zilizokaa miezi sita.

Waombaji walioko Tanzania na Kenya huongeza cheti cha kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza, ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa.

Tafadhalini, msitangulie kwa viza ya matembezi mkitarajia kuibadilisha hukohuko. Kanuni hairuhusu, na ofisa wa uwanja wa ndege akishuku mgeni amekuja kuhamia, humrudisha. Aliyenyimwa viza ya mwenza akiwa nje ana siku 28 za kukata rufaa.

Msomaji,
Dar es Salaam