Mlimtoa mgonjwa, mkaiacha sigara

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makao makuu ya kampuni,
Mombasa.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: SIGARA NDANI YA UKUMBI WA KULIA, TAWI LENU LA NYALI, JUMAMOSI USIKU

Salamu. Nimesubiri siku nne ndipo nikaandika. Barua niliyoianza Jumapili asubuhi ilikuwa na maneno ambayo mamangu, aliyenilea kwa adabu, asingependa kuyaona.

Kanuni zenu mnazijua. Bango la kukataza sigara mmelibandika wenyewe mlangoni, na jingine juu ya kaunta, kwa hiyo sitawasomea. Alhamisi nilipopiga simu kuweka meza ya watu sita niliuliza swali moja tu, na binti aliyepokea akanijibu bila kusita, "Ndani hakuvutwi, mama." Kwa neno hilo nikamleta mamangu, aliyekuwa anatimiza miaka 70 Jumamosi hiyo, na ambaye ana pumu tangu kabla wajukuu wake hawajazaliwa.

Tulikaa meza namba 11. Saa mbili kasorobo wanaume watatu wa meza ya pili wakawasha sigara. Nilimwita mhudumu, naye akaenda kuwaomba kwa heshima. Alirudi ameinamisha kichwa, na dakika mbili baadaye nikamwona akiwapelekea kisahani cha majivu, kwa amri ya meneja. Kiliwekwa mezani chini ya bango lenu lenyewe. Nilipiga picha. Bango na kisahani vinaonekana pamoja.

Mamangu alianza kukohoa. Alivuta inhela mara ya kwanza, akavuta mara ya pili. Hapo meneja wenu akaja, na nilishukuru Mungu nikidhani amekuja kusaidia. Akasema: "Mama, hawa ni wateja wetu wa kila siku. Kama moshi unamsumbua, mtoeni nje apunge upepo." Kisha akakivuta nyuma kiti cha mamangu ili ainuke. Tukatoka. Keki haikukatwa. Mamangu alikaa garini, mlango wazi, miguu nje, akitafuta pumzi kwenye maegesho.

Jumatatu nilipiga simu dawati lenu la wateja. Nikaambiwa upande ule wa ukumbi ni "sehemu ya wavutaji". Tangu lini? Alhamisi haukuwa. Na hata kama ungekuwa, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inataka sehemu hiyo itengwe kabisa na ukumbi mwingine na iwe na njia yake ya hewa. Kati ya meza yetu na yao palikuwa na vyungu vitatu vya maua. Hewa ni ile ile moja, na feni la darini linaizungusha kutoka kwao hadi kwetu. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Feni haliziondoi, linazigawa tu kwa kila aliyemo.

Kijana huyo wa dawati alikuwa na sauti nzuri na subira, lakini alipomaliza hakuwa amejibu swali hata moja. Alisema malalamiko yangu "yamepokelewa". Na bili mliipokea pia: shilingi 8,650, pamoja na samaki wa kupaka wa mamangu aliyefika mezani sisi tukiwa tunasimama. Nililipa kwa M-Pesa nikiwa mlangoni, mkono mmoja ukishika simu na mwingine ukimshika mamangu.

Narudi kwenye kile kiti, kwa sababu tangu Jumamosi sijaweza kukiacha. Meneja hakumtazama mamangu usoni. Alizungumza nami juu ya kichwa chake, kana kwamba pale palikuwa na mzigo. "Mtoeni nje apunge upepo." Mkono wake ulikuwa umekamata kiti kabla hajamaliza kusema. Na mamangu, mwenye pumzi ya kuhesabu, inhela mkononi na mtandio umemteleza begani, akageuka akamwambia: "Samahani, mwanangu, nimewasumbua." Yeye ndiye aliyeomba radhi! Mwanamke wa miaka 70 anaomba radhi kwa kukohoa, na meneja anaipokea radhi hiyo kwa kutikisa kichwa. Mmoja wa wale watatu aligonga majivu kwenye kisahani bila kugeuka. Wajukuu wake wawili waliyaona haya yote. Mdogo aliniuliza garini bibi amefanya kosa gani.

Usiku huo tulikwenda hospitali. Aliwekewa mashine ya mvuke wa dawa mara mbili, na tulirudi nyumbani saa nane. Risiti ni ya shilingi 6,200.

Najua hoja mtakayoniletea, maana meneja aliitaja mara tatu: biashara. Wavutaji ndio wanaokaa muda mrefu na kununua sana. Ireland ni nchi inayosifika kwa baa kuliko kitu kingine, na tarehe 29 Machi 2004 ilikataza sigara ndani ya baa na mikahawa yote. Uingereza nayo ikakataza tarehe 1 Julai 2007. Baa zao zingalipo na watu wanajaa. Anayetaka kuvuta hutoka nje. Majirani zetu wa Uganda, katika sheria yao ya 2015, wanataka mvutaji akae mita 50 mbali na mahali pa umma. Haya yanawezekana. Babangu, Mungu amrehemu, alivuta miaka thelathini na hakuwahi kuwasha sigara katika chumba alichomo mamangu. Alitoka barazani, hata mvua ikinyesha. Kwa hiyo msiniambie ninawachukia wavutaji. Nawaomba tu watoke, kama babangu alivyotoka.

Na kuna wafanyakazi wenu. Mimi nilikaa humo saa moja na kidogo, wao wanashinda humo kutwa hadi usiku, hawawezi kuhama meza wala kuondoka. Mhudumu mmoja alinifuata garini na glasi ya maji ambayo hakuna aliyemtuma kuileta. Alikuwa anakohoa yeye pia.

Nilipoanza barua hii nilitaka kitu kimoja: msamaha kwa mamangu, kwa maandishi, kwa Kiswahili, wenye sahihi yako wewe na si ya dawati. Bado nautaka. Lakini kila ninavyoandika naona hautoshi. Nirudishieni shilingi 8,650 zote, na mlipe zile 6,200 za hospitali. Ondoeni visahani vya majivu katika kumbi za ndani za matawi yenu yote. Meneja huyo asisimamie tena ukumbi hadi atakapofunzwa sheria, na nipewe kwa maandishi kwamba hilo limefanyika.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Leo asubuhi, hata hivyo, mpwa wangu amepita tawini na kuniambia kisahani kingali pale pale, meza ile ile. Basi ni siku 7 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita, picha zangu, bili na risiti ya hospitali zitafika mezani kwa maafisa wa afya ya umma wa kaunti. Anayevuta mahali pa umma sheria inamtoza faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, na mwenye mahali naye ana wajibu wake. Kisha nitakwenda kwa wakili. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 46 kinamlinda mteja afya yake na kumpa haki ya fidia. Nitavitumia vyote viwili, na sitakubali vocha ya chakula badala yake. Mamangu hataingia tena humo.

Jambo la mwisho. Yule mhudumu wa maji asisumbuliwe kwa barua hii. Sikumtaja jina wala sura, na nikisikia mmewaita wahudumu kumtafuta, hilo pia nitalipeleka kwa wakili.

Wako,
Mteja wa meza namba 11