Shukrani kwa mzee wa kahawa pale Kivukoni

Shikamoo mzee wangu. Jina lako silijui, nawe langu hukuliuliza.

Mimi ni yule binti wa kitenge cha bluu niliyekaa ukingoni, upande wa Magogoni, asubuhi ile ya Jumanne. Nilikuwa nimeachishwa kazi jana yake. Pantoni tatu ziliondoka kwenda Kigamboni, nami nimekaa tu, sina nguvu ya kusimama. Ukatua birika lako, ukasuuza kikombe, ukanimiminia kahawa chungu yenye tangawizi. Nikasema sina hela. "Kunywa kwanza, mwanangu."

Ukaniwekea na kashata ya karanga juu ya kipande cha gazeti. Vidole vyako vilikuwa vyeusi kwa masizi, na mkono wa birika umeufunga kitambaa kilichoungua pembeni. Ukaniambia unawasha mkaa tangu saa 10 alfajiri, na ziko siku birika linarudi nyumbani limejaa. "Nikiamka nawasha tena." Hukusema zaidi ya hapo, ukaondoka ukigonganisha vikombe.

Mzee wangu, maneno yale ndiyo yaliyoniinua. Sasa nashona sare za shule kwenye baraza la shangazi, kwa cherehani cha kukodi. Wiki zingine wateja hakuna kabisa. Hata hivyo alfajiri natia mafuta, natunga uzi, nakaa.

Nimerudi Kivukoni mara nne kukutafuta. Ahsante sana, baba. Mungu akupe afya na miguu yenye nguvu. Nimekushonea kanzu, ipo hapa nimeikunja, inakusubiri.