Vijiti vya kupima sukari navyo ni tiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, niligundulika na kisukari mwaka 2019. Siku ile kipimo kilisoma 19 kabla sijatia kitu kinywani, na tunaambiwa asubuhi isizidi 7.

Nilianza na vidonge vya metfomini, sasa najichoma insulini. Friji sina. Chupa naitia kwenye kopo lenye kifuniko, kopo ndani ya chungu, chungu nakifukia nusu katika mchanga nyuma ya mlango, na kila alfajiri naumwagia mchanga maji. Muuguzi ndiye aliyenifundisha, Mungu ambariki.

Linaloniumiza ni vijiti vya kupimia. Mashine ninayo, alininunulia mwanangu, lakini vijiti vikiisha huwezi kuazima kwa jirani mwenye mashine ya aina nyingine, havisomi. Kliniki ninayokwenda, miezi miwili sasa jibu ni "havijafika". Basi mwezi uliopita nilijichoma dozi ileile kwa kukisia, na usiku huo nilikuwa nimekula uji tu. Saa nane nikaamka sukari imeshuka mno mwilini, natetemeka, kanga imelowa jasho, ulimi mzito. Mjukuu wangu akanikorogea sukari kwenye maji. Angekuwa amelala kwa mama yake je?

Nawaomba wahusika: insulini ikiagizwa, vijiti viagizwe nayo. Na bei ya dukani itazamwe, kwani boksi moja linameza ushonaji wa magauni mawili.

Bibi mshonaji,
Tanga