Msuli uliochanika si jeraha dogo

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalonikera kila ninaposoma habari za mpira wa Kimarekani. Mchezaji akivunjika mguu, habari hujaa ukurasa; akichanika msuli wa nyuma ya paja, tunaambiwa ana maumivu madogo na wiki ijayo atacheza. Mara nyingi hachezi, au hucheza akaumia palepale.

Msuli huo huwaandama hasa wanaokimbilia pasi na wanaowakaba, kwa kuwa huchanika katika mbio kali, mguu ukiwa umetangulia mbele na msuli umevutika huku ukijikaza kuupunguzia mguu kasi kabla haujakanyaga chini. Hakuna aliyemgusa, ndiyo maana mtazamaji hudhani anadeka. Katika daraja la kwanza huchanika nyuzi chache, katika la pili nyingi zaidi, na katika la tatu msuli hukatika kabisa. Maumivu, hata hivyo, huweza kuisha kabla nyuzi hazijapata nguvu za kuhimili mbio, kwa hiyo mchezaji kusema hasikii kitu hakutoshi kumrudisha uwanjani. Hapa nawalaumu makocha kuliko wachezaji, maana kijana anayeogopa kupoteza namba yake atasema amepona hata akichechemea.

Vivyo hivyo paja lililogongwa goti: likikandwa kwa nguvu mapema, damu iliyovilia ndani ya msuli huweza kugeuka mfupa.

Maandalizi nayo husahaulika. Mwaka 2011 wamiliki wa timu za NFL, ligi kuu ya mpira huo Marekani, waliwafungia wachezaji nje tangu Machi hadi Julai kwa mgogoro wa mkataba, na kambi zilipofunguliwa, wachezaji 10 waliumia kano ya kisigino katika siku 12 za mwanzo. Sidai kwamba kila mmoja aliponzwa na kukosa mazoezi ya pamoja, ila ni vigumu kuiona idadi hiyo kuwa ya bahati mbaya tu, kwani kano huzoea mzigo polepole kuliko msuli.

Ninachoomba ni kwamba waandishi wako wa michezo, wanaporipoti jeraha la aina hii, wataje ni msuli gani, ni la daraja gani iwapo timu imelitangaza, na kama mchezaji aliwahi kuumia hapohapo.

Msomaji wako wa kila siku