Maua ya WhatsApp tumeshapewa ya kutosha, sasa tujibiwe kwa shairi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na washairi wenzangu, hasa sisi wadogo wadogo tusio na diwani wala jina, tunaotungia kwenye simu tukiwa kwenye daladala, dukani, lindoni, halafu tunarusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Naandika huku kwako kwa sababu kule nikifungua mdomo naambiwa nina wivu, na admini mmoja alishafunga grupu kabisa wakawa wanapost wao tu mpaka joto lishuke.

Jambo lenyewe ni hili. Tunapongezana mno na tunajibizana kidogo mno. Mtu akishusha shairi la beti saba, dakika haijaisha tayari kuna "heko malenga", "kongole nguli", "wino wako usikauke", na stika ya yule mzee anayepiga makofi. Sasa jiulize beti saba mtu amezisomaje kwa muda huo? Kuna ndugu mmoja kwenye grupu letu alipost shairi la kumlilia marehemu baba yake, wakati wa kupaste kidole kikateleza ubeti wa tatu ukaingia mara mbili, neno kwa neno, umefuatana kabisa juu na chini, na zikamiminika pongezi kibao, mmoja akaandika ati kila ubeti umemgusa kwa namna yake. Kwa namna yake! Mwenye shairi ndo alikuja kugundua mwenyewe usiku, akaomba radhi, na ile radhi nayo ikapigiwa makofi.

Sisemi watu waache kupongezana, maana najua ilivyo ngumu kutoa kitu chako mara ya kwanza mbele ya watu usiowajua, na lile "heko" la kwanza linaweza kumfanya mtu asifute shairi lake. Ila "heko" likiwa la kila mtu kwa kila kitu linakuwa kama salamu ya asubuhi, hakuna anayelisikia. Na mtu aliyetunga shairi moja tu maishani ukishamwita nguli, hivi mwakani utamwitaje?

Ngoja nitoe mfano wa kitu kilichonifanya nione kwamba inawezekana kabisa kufanya vingine. Kuna dada muuguzi, hajawahi kutunga zaidi ya ngonjera za shule ya msingi, usiku mmoja akiwa zamu akarusha ubeti huu:

Usiku nakesha wodi, wagonjwa wanalalama,
Siketi japo yabidi, nazunguka nikihema,
Mama mmoja ana baridi, shuka nampa kwa hima,
Kazi yangu sina budi, kuifanya kwa huruma.

Soma taratibu. Mshororo wa kwanza uko nane kwa nane, yaani mizani (silabi) nane kila upande, wa pili nane kwa nane, wa nne umetulia. Ule wa tatu upande wa ukwapi, ile nusu ya mwanzo, umevimba, ma-ma, m-mo-ja, a-na, ba-ri-di, hizo ni mizani kumi. Tatizo liko kwenye "mmoja", maana ile m ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka tunapojifunza. "Nchi" ni mbili lakini "ndizi" nayo ni mbili, ingawa kwa macho unaona moja fupi na moja ndefu, kwa sababu ile n ya "nchi" inahesabiwa na ya "ndizi" imemezwa. "Mbwa" ni mbili. Hayo hufundishwi na stika.

Basi makofi yakaja kama kawaida. Halafu akatokea mzee mmoja wa Tanga, mstaafu, huwa haongei sana kwenye grupu, akaandika, mwanangu jaribu "Mama ashikwa baridi" uone inavyoteleza. Hapo hapo wakamvamia, oh mzee usimvunje moyo, oh sanaa haina mipaka, oh muhimu ni ujumbe. Mzee akanyamaza kama saa nzima hivi tukadhani amenuna, kumbe alikuwa anatunga. Akarudi na hii, kwa vina vile vile vya dada, zile silabi zinazofunga kila nusu ya mshororo, di na ma:

Salamu zangu waridi, kwako wewe mwenye wema,
Nililazwa kwenye wodi, mguu nao wauma,
Akaja mwenye juhudi, kama wewe akasema,
Babu wacha ukaidi, dawa ni chungu ni njema.

Aisee grupu lilipoa. Yule dada hakujibu kwa emoji, alijibu kesho yake mchana alipotoka zamu, kwa beti mbili, vina di na ma, na mizani zote zimekaa. Akaingia mwingine ambaye mama yake ni mkunga, naye akachangia ubeti, wakaendelea hivyo mpaka wiki ikaisha na wala hakuna aliyeona kwamba amesahihishwa au amevunjwa moyo. Na saivi huyo dada ndo anawaelekeza wageni kwa upole kwamba "mbwa" ni mizani mbili.

Kwa mtazamo wangu, hakuna pongezi inayozidi kujibiwa. Mtu akikujibu kwa bahari yako, yaani aina ile ile ya shairi, na vina vyako maana yake amekaa na shairi lako, amelihesabu, amelibeba kichwani akiosha vyombo, na huwezi kudanganya hapo, kama hujalisoma utaumbuka. Na kosa linarekebishwa bila kelele kwa sababu jibu lenyewe ndo mfano.

Na hili si geni wala sijalibuni mimi, ndo ushairi wetu ulivyolelewa. Zamani huko kabla ya mshairi Muyaka wa Mombasa kufariki mwaka 1840, washairi wa Mvita (ndo hiyo Mombasa) na wa Lamu walikuwa wakitupiana beti kuhusu vita na siasa zao, huyu akifumba yule anafumbua. Yakaja magazeti, Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923, na Shaaban Robert mwenyewe akiwa karani wa forodha alikuwa akipeleka mashairi yake huko kama msomaji mwingine yeyote. Waliowahi kusoma kurasa za mashairi za magazeti ya zamani wanajua, mtu wa Ujiji anauliza swali kwa shairi, mtu wa Lindi anajibu, wa Mombasa anaingilia kati anasema nyote mmepotea, na kila mmoja anaanza kwa kumpigia hodi mhariri kwa ubeti mzima. Barua inakwenda kwa posta, jibu linakuja baada ya wiki na wiki, na watu walikuwa wanasubiri! Sheikh Amri Abedi, yule aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alishatoa kitabu cha sheria za kutunga mwaka 1954 ili watu wapate pa kushika. Naye mshairi Mnyampala baada ya Azimio la Arusha akazisimamisha ngonjera, ambazo ukiziangalia ni hayo hayo majibizano ila yamepandishwa jukwaani. Leo tuna simu, jibu linafika Muscat kabla chai haijapoa, halafu kitu tunachotuma ni kidole gumba.

Hapa nawageukia na nyie wa magazeti kidogo, mnisamehe. Ukurasa wa mashairi ulivyokuwa unapungua wengi tuliona. Mara nusu ukurasa, mara robo, mara wiki haupo kwa sababu ya matangazo, na siku hizi pale palipokuwa na mashairi unakuta odi za mechi za Jumamosi. Najua biashara ni biashara, karatasi ghali, wasomaji wamehamia kwenye simu. Lakini mhariri wa mashairi alikuwa anafanya kazi moja ambayo grupu halina mtu wa kuifanya, alikuwa anakataa. Shairi likiwa guni, yaani vina au mizani imekosewa, halitoki, basi. Unasubiri, halitoki, unalihesabu tena unaona kumbe kweli mshororo wa pili umepungua. Admini wa grupu hawezi kukataa, atapoteza watu.

Ila nisiwe mtu wa kusifia ya kale tu, kuna mambo grupu limetuzidishia ambayo gazeti lisingeweza. La kwanza ni sauti. Shairi la Kiswahili ni la kughani, na gazetini linalala kimya, lakini kwenye voisi noti unamsikia mtu anavyovuta mahadhi, unasikia pale anapopumua kati ya ukwapi na utao, ile nusu ya pili, na mtoto aliyezaliwa Minnesota ambaye Kiswahili anakisikia kwa bibi yake tu anasikia jinsi kina kinavyopiga. Kuna mama mmoja kwetu hawezi kuandika vizuri, macho yamechoka, yeye anaghani tu na sisi tunamwandikia. Pili, wanawake wamekuwa wengi na wanatunga mambo yao wenyewe, kikoba, ujauzito, mume wa kusafiri, mambo ambayo mwanaume akiyatunga unaona wazi anabahatisha.

Kuhusu wale wa ushairi huru, mimi ni mwanamapokeo na sifichi, napenda vina vyangu. Lakini kumfukuza kijana kwenye grupu ati kwa sababu shairi lake halina mizani ni uonevu, huu ugomvi upo tangu washairi kina Kezilahabi waliotunga bila vina miaka ya 1970 na haujaua ushairi wa upande wowote. Ninachomwomba kijana ni asiite huru kile alichoshindwa kukihesabu. Tunajua tofauti.

Nisiache hili la wizi maana linaumiza watu. Rafiki yangu alitunga shairi la mama, likatoka grupu letu likaenda grupu la kanisa, likaenda la ukoo, likamrudia kutoka kwa shemeji yake likiwa na jina la mtu mwingine na picha ya mtu mwingine, na shemeji anamwambia, wewe si unapenda mashairi, soma hili uone watu wanavyojua. Alicheka lakini kilimkereketa. Sasa wazee wetu walishalipatia dawa hili jambo, walikuwa wanalitia jina lao kwenye ubeti wa kaditama, ule wa mwisho, ndani ya mizani, na mwisho wa jina umeshikwa na kina. Mwizi wa siku hizi anafuta mstari wa chini tu ulioandikwa "mtunzi ni fulani", lakini jina likiwa limefumwa ndani inabidi atunge upya, na angekuwa anaweza kutunga asingeiba. Vijana wanaona kujitaja kwenye kaditama ni ushamba. Jamani, jitajeni.

Ombi langu kwenu gazetini ni dogo. Mtoe robo ukurasa mara moja kwa wiki, mchapishe shairi moja la mtu anayeanza, lisizidi beti nne, na chini yake muandike vina vyake na mwaliko wa kujibu. Wiki inayofuata mchapishe jibu moja au mawili yaliyokaa vizuri, na kwa yale yaliyoteguka mseme kwa mstari mmoja tu yameteguka wapi, bila jina la mtu, ili tujifunze bila aibu. Mashairi yapokelewe kwa WhatsApp, na ghani zake mziweke kwenye mitandao yenu. Hela hatuombi. Wala hamtakosa wa kuandika, naahidi kwa niaba ya magrupu yote maana sisi tunachokosa si maneno. Mkiweza kuanzia toleo la Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, itapendeza zaidi, kwa sababu siku hiyo huwa tunajaziana simu kwa mashairi ya kuisifu lugha na kesho yake hakuna anayekumbuka hata mshororo mmoja.

Na nyie maadmini, mtu akisema kwa adabu kwamba mshororo umezidi, msimtoe. Akisema kwa kejeli, mtoeni hata mimi nitawasaidia kubonyeza.

Kwa kuwa nimedai majibu, naanza mimi. Vina ni bu na ni:

Mhariri nipe jibu, nimefika mlangoni,
Nimekuja kwa adabu, shairi li mkononi,
Kama nafasi ni tabu, nipe hata pembezoni,
Wasomaji wajaribu, kunijibu kwa mizani.

Msomaji wako,
Korogwe, Tanga.